Kimya cha Watu wa Kilembe

Kwaya ilikuwa imemaliza mstari wa kwanza tu watu wa Bwera walipopiga makofi. Walipiga kwa ukarimu, kama wanaomsindikiza mgeni hadi mlangoni, na wengine wakaanza kugeuza shingo kutafuta kwaya itakayofuata. Waimbaji hawakutoka. Walibaki wamesimama mbele ya kanisa, midomo imefungwa, kisha wote kwa pamoja, bila mtu kuinua mkono, wakaingia mstari wa pili. Makofi yakakatika kwa aibu. Mstari ulipoisha kimya kikarudi, na makofi nayo yakarudi, safari hii machache, ya wale wasiojifunza haraka. Kwenye kimya cha tatu hakuna aliyepiga. Nje bodaboda alipiga honi, mbadilisha fedha akamwita mteja, na ndani mtoto akamuuliza mama yake kama watu wale wamesahau maneno. Viti vya nyuma vikacheka.

Lakica, aliyekuwa akiongoza, aliimba hadi mwisho bila kubadilisha uso. Alikuwa mwanamke wa miaka hamsini na kitu, mfupi, muuza mihogo ya kukaanga katika soko la Kasese, na wimbo ulikuwa wake: maneno yake, sauti yake, na huo ukimya uliochekesha watu.

Hiyo ilikuwa mwezi wa tatu, mwaka 2014. Mwaka uliotangulia, mwezi wa tano, mto Nyamwamba ulikuwa umeshuka kutoka mlimani ukiviringisha mawe makubwa kama magari, ukapita katikati ya Kilembe. Baba zao waimbaji hawa walikuja bonde hilo zamani kuchimba shaba, wengi kutoka Uacholi, kaskazini mwa Uganda, wengine kutoka Kenya. Mgodi ulifungwa, watoto wao wakabaki katika nyumba zile zile za mgodi. Baada ya mafuriko, waliopoteza nyumba waliteremka mjini Kasese wakapanga vyumba. Dada mkubwa wa Lakica, Ajok, hakuteremka. Alizikwa.

Sasa makanisa ya wilaya yalikuwa yakiandaa maombi ya mwaka mmoja, yatakayofanyika uwanjani Kasese. Kila kwaya ilialikwa kuleta wimbo mpya Bwera, mji wa mpakani, ichujwe mara mbili, na wimbo mmoja tu uchaguliwe. Lakica alitaka uwe wake. Alitaka Ajok aimbwe siku hiyo, na alitaka aongoze yeye. Hakumficha mtu nia hiyo.

Wimbo wenyewe ulikwenda hivi:

Nani anabisha alfajiri?
Ni mto, fungueni.
Nani amevaa mawe miguuni?
Ni mto, kimbieni.
Nasi tulikimbia, Bwana, ukatuona.
Ajok alirudi kufungua mbuzi.

Mwenyekiti wa kamati, mwalimu Mugenyi, aliwaita nje baada ya kwaya zote kumaliza. Alikuwa mtu mrefu wa Bwera, mwenye tabia ya kuomba radhi kabla ya kuumiza.

"Mnisamehe. Wimbo yenu ni tamu," alisema. "Lakini iko na mashimo. Mtu anatembea ndani, anaanguka. Anatoka, anatembea kidogo, anaanguka tena."

"Si mashimo," Lakica alisema. "Ni kupumzika."

"Basi mnapumzika kuliko kuimba, mama. Na mnisamehe tena: ile mbuzi. Siku ya maombi, viongozi wote wamekaa, mbuzi inatafuta nini?"

"Alikuwa amefungwa kamba. Ajok alirudi kumfungua, mto ukamkuta hapo."

Mugenyi akatazama viatu vyake. "Pole. Na mbuzi?"

"Alipona," alidakia Atim, wifi yake Lakica, mwimbaji wa sauti ya pili. "Yuko Kasese anakula maboksi ya watu. Mwalimu, huyo mbuzi ameona mkono wa Mungu kuliko wewe na mimi. Muacheni kwa wimbo."

Mbuzi aliachwa. Mashimo hayakuachwa. Kamati iliwapitisha kwa sharti: wakirudi baada ya wiki tatu, kimya kiwe kimezibwa, ama kwa kinanda ama kwa kuimba moja kwa moja. Na wasaidiwe na Philippe, mwalimu wa kwaya kutoka Kongo, ng'ambo ya mpaka, aliyekuwa amehamia Bwera miaka mingi na kufundisha karibu nusu ya waimbaji wa mji ule.

Philippe alikuja Kasese siku ya mazoezi akiwa na shati lililopigwa pasi na viatu vyenye vumbi. Kwaya ilikuwa ikifanya mazoezi katika ghala tupu, nyuma ya kinu cha mahindi. Kinu kikisaga, ukuta ulitetemeka. Aliwaambia waimbe kama walivyoimba Bwera. Akafumba macho. Waliimba. Akasema tena. Waliimba tena. Mara ya tatu alitoa simu mfukoni, akawa anaigusa kila walipoacha na kila walipoanza. Kisha aliitazama kwa muda.

"Hapa katikati munangojea nini?" aliuliza.

"Hatungoji kitu," Atim akasema. "Tunaimba."

"Hapana, Mama. Hapa muko kimya. Minapima. Ya kwanza, ya pili, ya tatu, yote iko sawasawa. Nani anabapatia alama?"

Walitazamana. Hakuna aliyetoa alama. Kwaya ya Kilembe haikuwahi kuwa na mtu wa kupunga mkono mbele. Karibu wote walikulia katika kwaya hiyo kama walivyokulia katika nyumba.

"Mutu mumoja anaweza kuzoea," Philippe aliendelea. "Lakini bantu wengi hivi, bote wanaingia mara moja, bila mutu wa kupiga hesabu? Haiwezekane. Muko na saa kwa ukuta?"

Wote waligeuka kutazama ukuta, kama kwamba huenda saa ilikuwapo na hawakuiona.

Evas ndiye aliyesema jambo la maana kwanza. Alikuwa binti wa ishirini na miwili, baba yake mfanyakazi wa kiwanda cha saruji huko Hima, na alijiunga na kwaya baada ya mafuriko tu. "Mimi nilipokuja nilikuwa naanguka peke yangu," alisema. "Wao wamenyamaza, mimi naimba. Walicheka mpaka nikataka kuacha. Halafu siku moja nikaacha kuanguka. Sijui nilifundishwa na nani."

"Ni mlima," akasema Kilama.

Kilama aliimba besi. Katika ujana wake alishika mashine ya kutoboa miamba shimoni, na mashine ilimla masikio. Ukitaka akusikie ulisimama mbele yake ukafungua mdomo vizuri. Kwa hiyo haikueleweka mara moja kama alikuwa anajibu swali lile au lingine.

"Mlima gani, mzee?"

"Kule nyumbani tuliimbia nje, kanisa lilikuwa dogo. Ng'ambo ya mto kuna ukuta wa jiwe. Unaimba, unakurudishia. Ukiingia kabla haujamaliza kurudisha, unaimba juu ya mwenyewe, inakuwa fujo. Sasa tulikuwa tunauacha umalize." Aliinua mabega. "Mimi nilidhani kila kanisa inafanya hivyo."

Wakubwa walianza kutikisa vichwa polepole. Mwangwi waliujua, kama mtu anavyoijua harufu ya nyumba yao, yaani hawakuwa wameufikiria. Hawakujua kama wameubeba. Lakica ndiye aliyekataa.

"Wimbo huu sikuutungia Kilembe," alisema. "Niliutungia hapa, chumbani. Hapa hakuna mlima, kuna kinu."

"Ndiyo sababu nasema si mlima," Atim akasema. "Ni kifua. Mwalimu, huyu ana pumu tangu msichana. Anaimba mstari moja, anakaa. Anaimba ingine, anakaa. Nyimbo zake zote iko na mahali pa kukaa. Angekuwa na kifua ya Evas, angeimba kama redio."

"Si mlima wala si kifua. Ndivyo nilivyousikia."

"Uliusikia wapi?"

"Kichwani."

"Na hicho kichwa kimekaa juu ya nini, wifi? Si juu ya hicho kifua?"

Kwaya ikacheka, na Lakica akacheka kidogo, kwa sababu Atim alikuwa mtu wa kucheka naye hata akikuchoma. Lakini Philippe hakucheka. Alisema anataka kuuona huo mlima.

Walipanda Kilembe siku ya Jumamosi. Bonde lilikuwa jembamba kama zamani, kuta zake za kijani zimesimama pande zote mbili, lakini sakafu yake haikuwa ile. Palipokuwa na bustani na njia palikuwa na mawe meupe, mengi, yametawanyika hadi kwenye milango ya nyumba zilizosalia. Kwenye kuta za nyumba mstari wa matope ulionyesha maji yalifika wapi. Kanisa lilikuwa limepoteza ukuta wa upande wa mto. Uwanja wa mbele, waliposimama kuimba miaka yote, ulikuwa umebaki nusu.

Nyumba ya Ajok ilikuwa upande wa chini. Sasa lilikuwapo jiwe moja kubwa, na mtu alikuwa ameanika nguo juu yake. Lakica aliitazama ile nguo, gauni la mtoto la rangi ya machungwa, kisha akageuka kuwapanga waimbaji. Hakulia. Alishalia mahali pale. Siku ile alikuja kazini.

Mto ulikuwa na kelele kuliko walivyozoea, kwa kuwa ulipita juu ya mawe mapya. Iliwabidi wapaze sauti. Nani anabisha alfajiri, waliimba, na wakanyamaza. Na ng'ambo, juu ya kelele ya maji, jiwe likarudisha: fajiri. Sauti ilikuwa hafifu, kama ya watu waliosimama mbali na hawana haraka. Bibi mmoja aliyekuwa akipepeta maharage mlangoni pake aliacha kupepeta.

"Imerudisha?" Kilama aliuliza kwa nguvu.

"Imerudisha, mzee."

Waliimba wimbo wote. Philippe alikuwa na simu yake, akipima. Walipomaliza alikuja katikati yao, akiwa na uso wa mtu aliyehesabu kitu kikazidi.

"Mulima imemaliza," alisema. "Kila mara, mulima inamaliza, nyie bado munangojea. Kidogo. Nusu ya pumzi. Hiyo kidogo inayobaki si ya mulima."

 Atim aliweka kidole kwenye kifua chake, akakigonga mara mbili, akimtazama Lakica.

"Au ni ya Ajok," mmoja wa wanawake alisema taratibu.

"Ajok hakuwa mvivu wa kuimba," Lakica akajibu. "Msimsingizie."

Philippe alikaa juu ya jiwe. Alieleza, kwa Kiswahili chake cha Kongo, kwamba yeye hawezi kujua kimya kile ni cha nani, na pengine haina maana kujua. Aliloona ni kwamba Bwera hawakijui. "Mutu wa Bwera masikio yake imezoea moteri," alisema. "Pikipiki, lori za mpakani, jenereta. Kwake, kelele ikikatika, kuna kitu kimeharibika. Jenereta ikizima, mutu anasimama, anaenda kuangalia. Ndiyo walifanya na wimbo yenu. Hawakuwa na ubaya."

"Tuwafundishe kunyamaza," Lakica alisema.

"Kwa wiki mbili?"

Zilibaki njia mbili za kamati. Kulikuwa na kinanda. Bright, kijana wa kanisa la jirani, angepiga kwenye vile vimya. Wazo hilo Lakica alikuwa amelikataa tangu Bwera, na alilikataa tena. "Akiweka kinanda hapo, mimi nachukua mbuzi wangu tunakwenda." Basi ilibaki kuimba moja kwa moja. Walijaribu pale pale, Philippe akipiga kofi la mapigo juu ya jiwe, Lakica akiongoza.

Mistari miwili ya kwanza ilipita vizuri. Wa tatu aliuanza akiwa na hewa ya nusu. Wa nne sauti yake ilikuwa imebaki midomoni, na kabla ya kufika kwa Ajok alikuwa ameinama, mikono magotini, akikohoa kikohozi kikavu ambacho jiwe la ng'ambo lilikirudisha vile vile kama lilivyorudisha wimbo. Atim alimshika kiuno. Alikuwa ameshinda ubishi, na usoni mwake ilionekana kwamba angependa kuurudisha ushindi huo.

Walimwacha apumue. Kisha Evas, bila kutumwa, akauimba wimbo wote kutoka juu hadi chini, mistari imefuatana, kifua kimetulia kama cha mtu anayesimulia habari ya jana. Alipomaliza aliona wote wanamtazama, akaogopa.

"Nilikuwa najaribu tu, mama."

"Umeweza," Lakica alisema. Alikuwa amekaa chini. "Utaongoza wewe."

"Mama Lakica, hapana. Ni wimbo yako."

"Nikiongoza mimi tunashindwa, na Ajok haimbwi. Ukiongoza wewe anaimbwa. Hesabu hiyo hata mbuzi anaiweza." Alivuta pumzi, akaiachia. "Usikimbie. Lakini pia usinisubiri. Ukimaliza mstari, chukua unaofuata, hata dunia ikisimama."

Waliteremka. Kwa wiki mbili walifanya mazoezi ghalani, Philippe akigonga meza kwa ufunguo, na kwaya ikaingia palipotakiwa kuingia. Evas aliongoza, wao wakaimba naye kila mstari, hakuna pengo. Wimbo ulikuwa mfupi sasa, umebana, mzuri kwa namna ya nguo iliyopunguzwa ikamkaa mtu mwingine. Lakica aliimba kwenye safu ya pili pamoja na wanawake, na pumzi ilipomkatikia alinyamaza akaingia tena baadaye. Katika kundi, hilo halikuonekana. Hakulalamika. Nyumbani, Atim alisema baadaye, aliacha kuimba kabisa, hata akikaanga.

Siku ya mchujo wa mwisho kanisa la Bwera lilijaa hadi madirishani. Kanuni ya kamati ilikuwa kwamba waimbaji wasimame peke yao, bila mwalimu, kwa hiyo Philippe alikwenda kukaa benchi la nyuma na simu yake. Meza ya kugonga haikuwapo. Walikuwa wamempa Kilama kazi ya kupiga mapigo kwa mguu, kwa kuwa alikuwa na mguu mzito na viatu vizito. Lilikuwa kosa, na ni kosa ambalo watu wa Kilembe peke yao wangelifanya: kumchagua mzee asiyesikia kwa sababu amekuwapo siku zote.

Evas alisimama mbele. Nani anabisha alfajiri, aliimba, na kwaya nayo ikaimba pamoja naye, kama walivyopanga. Mstari ukaisha. Evas akachukua unaofuata.

Kwaya ikangoja.

Hakuna aliyekusudia. Miguu yao ilikuwa kwenye sakafu ya Bwera, mbele ya watu wengi, kamati ikiwa na kalamu mkononi, na mwili wa kila mmoja ukarudi kwenye kile ulichokijua kabla ya wiki hizo mbili. Evas aliimba ni mto, fungueni peke yake.  Alijua kwamba nyuma yake hakuna mtu. Alikuwa tayari ameingia kwenye nani amevaa mawe ndipo wao, wote kwa pamoja, kwa sauti nzito na bila haraka, walipoimba nyuma yake: ni mto, fungueni.

Ndani ya kwaya ilikuwa ajali. Atim alimfinya mwenzake aliyekuwa kulia. Wanaume wawili walitaka kuruka mstari ili wamfikie Evas, wakagongana na wale ambao hawakuruka, wakarudi. Kilama, ambaye hakusikia lolote, aliimba kwa moyo wote, mahali pasipo pake, mguu wake ukipiga mapigo ya peke yake. Lakica alijaribu kuharakisha, hewa ikamgomea, akaingia ilipomruhusu. Evas alifikiria kuacha. Lakini alikuwa ameambiwa asisubiri hata dunia ikisimama, naye alikuwa binti wa kufuata anachoambiwa. Akaendelea. Nao wakamfuata, kila mstari, kwa umbali ule ule. Alipoimba kimbieni, wao walikuwa bado wanauliza nani amevaa mawe. Alipomaliza kabisa kwa Ajok alirudi kufungua mbuzi, akafunga mdomo, akasimama akitazama sakafu, na wao nyuma yake wakamaliza bila yeye: Ajok alirudi kufungua mbuzi.

Halafu hakukuwa na sauti yoyote. Lakica hakungoja kujua ni kimya cha namna gani. Alitoka kwa mlango wa pembeni, na kwaya ikamfuata.

"Tumeharibu," alisema nje, mkono ukutani.

"Mimi nimeona aibu mpaka magotini," Atim akasema. "Bora wangepiga makofi."

Evas alikuwa analia. "Mama, uliniambia nisisubiri."

"Hukukosa wewe. Ni sisi."

Kilama alikuwa anatabasamu. "Leo tumeimba," alisema, na hakuna aliyekuwa na nguvu za kumwelezea.

Mugenyi aliwakuta hapo. Alikuja akitembea haraka kuliko kawaida yake, na safari hii hakuanza kwa kuomba radhi.

"Nani aliwafundisha ile?"

"Ile gani?"

"Ile ya kumfuata! Dada anaita, nyinyi mnatoka mbali, kama watu walio ng'ambo. Mke wangu ameweka mkoba chini, na huyo haweki mkoba chini hata akiomba." Alimtafuta Lakica kwa macho. "Mama, kwa nini hamkuimba hivyo mwezi uliopita? Kwaya bado zimebaki, kamati haijajadili hata. Ni nyinyi."

Walimtazama kama mtu anayeeleza ndoto. Mugenyi aliporudi ndani, Philippe alikuwa ameshafika, na akina mama wakamzunguka kumuuliza kama ni kweli. Alisema ni kweli. Alisema yeye mwenyewe nywele za mikono zilisimama. Akawasikilizisha kwenye simu. Pikipiki zilikuwa zinapita, na simu ilitoa sauti ya Evas, nyembamba, na nyuma yake kitu kama mvua juu ya mabati ya jirani.

Lakica alisikiliza akiwa ameweka simu sikioni, kisha akaifuta kwa kitenge, akairudisha. "Hapa hakuna kitu," alisema. "Nimesikia Evas na pikipiki."

"Simu ni kidogo, Mama."

"Basi siku ya maombi mimi siimbi. Evas anaongoza, nyinyi mnamfuata hivyo hivyo. Mimi nitakaa kwenye nyasi na watoto wa Ajok. Wote wanasema wamesikia; mwenye wimbo hajasikia."

Atim alisema ni haki. Wote walisema ni haki. Na kwa kuwa kwaya nyingine ilikuwa bado ndani, walisogea nyuma ya kanisa, kwenye kivuli cha tangi la maji, wajaribu mara moja ili Lakica asikie. Mtu akamletea kiti. Alikaa, akaweka mikono mapajani, kama mtu aliyefika sherehe mapema.

Evas aliimba mstari wa kwanza, akachukua wa pili. Kwaya ikangoja, na ikaendelea kungoja. Mwanamke mmoja akaingia. Wengine wawili wakaingia baada yake, kila mmoja mahali pake. Atim aliingia pamoja na Evas, akajikamata, akaacha. Kilama hakufungua mdomo kabisa. Kufikia mstari wa tatu walikuwa kama watu sokoni.

Evas alisimama. "Tujaribu tena?"

Walijaribu tena. Ilikuwa mbaya zaidi, maana sasa walikuwa wanafikiri.

"Mzee, wewe kwa nini huimbi?" Atim alimfokea Kilama, uso kwa uso.

"Naanzaje? Sijaona mtu akianza."

"Unaona nani siku zote?"

Kilama alimnyooshea kidole Lakica kitini, akishangaa kuulizwa. "Mabega yake. Mimi sisikii tangu shimoni. Akivuta hewa mabega yanapanda, naingia. Nyinyi je?"

 Kila mmoja alikuwa akijaribu kukumbuka alikuwa akitazama wapi miaka yote ile, na ilionekana kwenye nyuso zao kwamba anakumbuka. Philippe alipiga mluzi mdogo.

"Ni hiyo nusu ya pumzi," alisema.

"Nilisema ni kifua," Atim alisema, bila furaha.

Lakica alikuwa bado amekaa. Alisema mtu mwingine asimame mbele yao na kuinua mabega. Walijaribu na Atim. Atim aliinua mabega vizuri kabisa, kila aliposema moyoni kwamba ni wakati, na haukuwa wakati. Walijaribu na mwingine. Mwanamke mwenye afya akitaka hewa huivuta, basi. Hakuna jambo la kungojea hapo. Ndani kwaya ya mwisho ilikuwa inamaliza, na watu wakapiga makofi mahali panapostahili.

"Mama Lakica," Evas alisema, "rudi."

Alikaa kidogo zaidi. Aliitazama safu yao kutoka pale, jinsi inavyoonekana kwa watu: Atim na kilemba chake kilichopinda, Kilama na viatu vyake, na pengo lake mwenyewe kati ya wanawake. Alikuwa hajawahi kuwaona wakiwa wamesimama hivyo. Kisha alikunja kile kiti, akakiegemeza kwenye tangi, akaenda kusimama.

"Sogea, mzee," alimwambia Kilama, akifungua mdomo vizuri. "Unanipumulia kisogoni."

Mwezi wa tano wimbo uliimbwa uwanjani Kasese, Evas akiwa mbele na Lakica safu ya pili. Watoto wa Ajok walikaa kwenye nyasi na shangazi wa upande wa baba. Waliokuwapo wanasema ulikuwa mzuri, na wanalisema hadi leo wakija kununua mihogo. Lakica huwauliza ulikuwaje. Nao wakianza kumwimbia, huwakatiza kwa kuinua kijiko chake cha kukaangia.

"Maneno nayajua," huwaambia. "Niambieni ulikuwaje."